Kidonge Chini ya Ulimi

Kila asubuhi, kabla hajatoka kwenda kazini, fundi friji alimletea mkewe mjamzito glasi ya maji na kidonge cha kuongeza damu, kisha akasimama mlangoni mwa jikoni kumtazama. Hakuondoka mpaka aone koo limepanda na kushuka.

"Haya, fungua mdomo."

"Jamani, mimi mtoto?"

"Fungua tu, mke wangu."

Mkewe alifungua. Alikuwa ameshajifunza ujanja: kidonge kinakaa chini ya ulimi, huko nyuma, maji yanapita juu yake. Mume akisharidhika, alibeba mfuko wake wa vifaa akaenda zake. Mke naye aliingia chooni, akatema, akasukutua mdomo uliojaa ladha kama ya msumari uliolambwa.

Mwanzoni alivimeza kweli. Vikamchafua tumbo mpaka siku moja akatapikia beseni la kuoshea nywele pale saluni alikokuwa msusi, wateja wakimwangalia. Choo kikawa kigumu, tena cheusi kama lami, akaogopa kwamba kuna kitu kinaoza ndani yake. Kumwambia mkunga wa kliniki aliona haya. Mteja mmoja akamalizia kwa kumwambia vidonge hivyo humkuza mtoto kupita kiasi mpaka mama anaishia kupasuliwa.

Alijaribu kusema nyumbani. "Baba, hivi vidonge vinanishinda."

Mumewe aliweka kijiko chini. "Dada yangu naye alisema hivyo hivyo."

Mazungumzo yakaishia hapo. Dada huyo ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, na alikufa akijifungua; damu ilimtoka, na mwilini hakuwa na akiba ya kustahimili. Jina lake likitajwa, nyumba nzima ilinyamaza. Msusi angebishana vipi na marehemu? Ndipo akaanza kutema, na kliniki nayo akaikwepa, kila mara kwa kisingizio kipya.

Tumbo lilivyozidi kukua, pumzi ilizidi kumwishia. Kupanda ngazi za saluni kulimwacha amejishikilia ukutani. Kiganja chake kilififia rangi. Akapata na uchu wa ajabu wa barafu; alitafuna barafu kutwa, krach krach, hadi mwenye saluni akamwuliza kama amemeza mashine ya kusagia kokoto. Mumewe alicheka. "Umeolewa na fundi friji, barafu ni haki yako." Akamjazia sinia za barafu bila kujua kwamba ule mdomo ulikuwa unamlilia msaada.

Siku moja msusi alikuwa amemaliza kumsuka mwalimu wa chekechea. Kilichobaki ni kuchovya ncha za nywele kwenye maji ya moto zisifumuke. Aliinua jagi lililotoka kuchemka. Masikio yakaanza kuvuma, kioo mbele yake kikaingia giza kutoka pembeni, na mikono ikawa si yake tena.

"We! Maji!" mwenye saluni alipiga kelele.

Mwalimu aliruka kutoka kwenye kiti. Maji yakamwagika pale pale shingo yake ilipokuwa, mvuke ukafuka, na msusi akaanguka kiubavu, mikono yake miwili imelikumbatia tumbo.

Alizinduka hospitalini. Mumewe alikuwa ameshafika, ovaroli imejaa grisi, kifua kinapanda na kushuka kama aliyekimbia njia nzima. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alimvuta kope la chini, akamtazama ulimi, kisha akasoma majibu ya maabara.

"Mtoto anacheza vizuri. Lakini damu yako imeshuka mno. Vidonge vya kuongeza damu unavimeza?"

Kabla hajafumbua mdomo, mumewe alishajibu. "Anameza, daktari! Kila siku ya Mungu. Mimi mwenyewe namsimamia, namkagua mpaka mdomo."

Daktari hakumtazama yeye. Alimtazama mgonjwa. "Ni kweli, mama?"

"Ndiyo," alisema. Neno lilitoka lenyewe, kama kikohozi.

Daktari akakunja uso. "Basi hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Kama unavimeza na damu bado inashuka, ama inavuja mahali, ama mwili wenyewe umeshindwa kuitengeneza. Nitakupeleka hospitali kubwa leo hii. Huko huenda wakachoma sindano kwenye mfupa wa nyonga wachunguze inakotengenezwa damu."

"Na mtoto?" mume aliuliza.

"Tutawapigania wote wawili."

Daktari alipotoka kuita gari la wagonjwa, walibaki wawili tu. Fundi friji alipiga magoti kumvisha mkewe viatu. Miguu ilikuwa imevimba, kiatu kikakataa. Akajaribu tena.

"Nimekosea wapi?" alisema, macho chini. "Au nilikuwa nakupa vibaya? Labda maji yalikuwa machache. Labda haikupasa iwe asubuhi. Mimi ndiye niliyekuwa nakupa, sasa nimekosea wapi?"

Msusi angevumilia afokewe. Angevumilia hata ile sindano ya nyonga. Lakini kumwona mwanamume huyu amepiga magoti anajishtaki kwa kosa lisilo lake, hilo lilimshinda.

"Acha kiatu," alisema. "Mwite daktari arudi."

"Unaumwa?"

"Sivimezi."

"Nini?"

"Vidonge. Sivimezi. Naviweka chini ya ulimi, ukitoka navitema."

"Mbele yangu?"

"Mbele yako."

Fundi friji alikiweka kiatu sakafuni polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Akasimama, akatoka. Hakubamiza mlango. Ingekuwa heri angeubamiza.

Daktari aliporudi na kusikia habari hiyo alivuta kiti, akakaa, akashusha pumzi. "Afadhali hili kuliko nililokuwa naliwaza. Lakini usifurahi, damu bado iko chini pale pale. Haya, niambie, vilikufanya nini?"

Akamwambia yote: kutapika, choo, mteja na maneno yake. Daktari alitikisa kichwa. Choo cheusi ni rangi ya madini ya chuma, hakuna kinachooza. Mtoto hafanywi jitu kwa kidonge. Kichefuchefu kikizidi, ameze baada ya chakula au anapokwenda kulala, ashushie maji ya machungwa, chai aiweke mbali na muda wa dawa, anywe maji mengi na ale matunda na mboga kwa ajili ya choo. "Na vikikushinda kabisa, njoo unitukane mimi. Kuna aina nyingine. Ila usiache kimyakimya."

Safari ya hospitali kubwa ikasitishwa. Walimlaza, wakamtundikia dripu ya madini ya chuma na kuendelea kumpima. Jua lilikuwa linaelekea kuzama mumewe aliporudi. Alibaki amesimama miguuni pa kitanda.

"Ningekuzika," alisema, "na nisingejua kwa nini."

"Ningekwambiaje? Kila nikifungua mdomo unaniletea dada yako. Mimi si yeye, baba. Niko hai, naumwa, nataka unisikilize mimi."

Alifikicha grisi kwenye kidole gumba. "Ukishindwa, niambie umeshindwa."

"Na wewe acha kunikagua meno kama ng'ombe mnadani."

Kicheko kilimponyoka, kikakatikia njiani, akafunika uso kwa mikono miwili.

Mambo hayakunyooka mara moja. Kuna jioni alizomtazama mkewe anamaliza kula, swali limemjaa mdomoni, akalimeza. Kuna siku msusi alitapika, akamwambia. Wakaenda pamoja kwa mkunga akabadilishiwa aina. Akawa anakumbuka mwenyewe, kila siku baada ya mlo. Uchu wa barafu ulipungua, ngazi za saluni zikapandika, na kila kipimo kilileta damu iliyopanda kidogo.

Uchungu ulianza asubuhi, mtoto akazaliwa adhuhuri, wa kike, analia kwa hasira. Kisha sauti za wakunga zikabadilika.

"Damu inaendelea kutoka. Lete sindano nyingine. Bonyeza, usiachie!"

Mikono ilikandamiza tumbo lake kwa nguvu. Baridi ikampanda kutoka miguuni. Taa juu yake ikaanza kuzunguka.

"Mama, ongea na mimi! Kazi yako nini?"

"Nasuka," alisema kwa taabu.

"Endelea. Mitindo gani?"

Akataja mitindo, mmoja baada ya mwingine, ulimi mzito, hadi alipoishiwa akaanza kutaja wateja. Nje alimsikia mumewe akigonga mlango. "Niambieni kitu! Neno moja tu!" Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumjibu.

Hatimaye mkunga aliinua kichwa, paji limelowa jasho. "Imekata." Akamshika msusi kiganja, akakitazama. "Damu hii ingekutoka siku ile ulipoanguka, tusingekuwa tunaongea sasa."

Walipomfungulia, fundi friji alimpita nesi aliyekuwa amempakata mtoto, akaja moja kwa moja kitandani. Akamshika mkono kwa nguvu.

"Nipo," mkewe alimwambia. "Nina njaa. Nenda ukanitafutie chakula, na upesi, kabla sijala hilo shuka."