Sifuri za Julai

Marcelline alipofika ukurasa wa mwisho wa ripoti ya mazingira, hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Jina lake lilikuwa pale, na juu yake maneno matatu: ndege wahamaji hakuna. Kwa hiyo dimbwi la matope nyuma ya maghala ya Clairwood, Durban, lingeanza kufukiwa Jumatatu, liwe maegesho ya malori, kwa ushahidi wake yeye, mama Mrundi aliyewahi kufundisha biolojia Bujumbura.

Siku hiyo ya Novemba ukumbi ulikuwa umejaa. Wakazi wengi ni Wakongo na Warundi, ndiyo maana kikao kiliendeshwa kwa Kiswahili, na mwenyekiti Khadeeja wa ofisi ya mazingira ya manispaa, mzaliwa wa Durban, alijikokota na kile alichorithi kwa bibi yake. Mbele alisimama Achille, mwenye kampuni iliyoandika ripoti, akitabasamu kama bwana harusi.

Kweli, aliyehesabu ndege kwa niaba ya kampuni ni Marcelline. Asubuhi kumi na nne za Julai alisimama kwenye baridi akaandika sifuri, sifuri, sifuri. Alijua ni upuuzi mtupu. Julai chamchanga, wale ndege wadogo wa matopeni, wako kwao, kaskazini kabisa ya dunia, wanalea makinda kwenye vinamasi vya Aktiki. Alimsihi Achille wangoje, Achille akasema, "Maman, andika tu kile unaona." Basi aliandika, kisha akaongeza ukurasa mzima: hesabu hii haina maana, irudiwe Novemba. Akatia paraphe, yaani herufi za jina lake, pembeni mwa kila ukurasa pamoja na namba ya ukurasa, moja kwa tisa, mbili kwa tisa, kama walivyozoeshwa huko kwao. Alidhani hapo amejikinga. Ujinga gani ule! Ripoti aliyoishika sasa iliishia nane kwa tisa.

Alisimama bila kunyoosha mkono.

"Papa Achille, ukurasa ya tisa iko wapi?"

"Eish, Maman. Tutaongea kesho ku bureau, kule ofisi yangu, on va discuter."

"Kesho gani? Umetupa maneno yangu, ukabakisha jina yangu!"

Akawageukia watu. Wiki iliyopita, akawaambia, aliona pale dimbwini chamchanga mwenye kipande cha plastiki chenye namba mguuni. Aliituma ile namba, na walinzi wa hifadhi moja ya Aktiki wakamjibu: ni kinda wao, walimvisha Julai hii hii.

"Kule wakati wa mayai mtu haingii bila kibali," alisema. "Wamemlinda kule, amevuka dunia nzima na mabawa yake, anafika kwetu tunammwagia kifusi! Na mwenye kusaini ni mimi!"

Minong'ono ilizagaa. Khadeeja aligonga meza kwa kalamu, akasema ukweli umesikika, kazi ya kufukia isimame, hesabu irudiwe. Akafungua shajara. Ofisi ilikuwa na nafasi mwezi wa sita.

Mwezi wa sita! Marcelline hakuamini masikio yake.

"Mwezi wa sita hawako! Munataka sifuri ingine? Dimbwi iko hapa nyuma, dakika tano na mguu. Inukeni!"

Watu waliitupia macho meza ya sambusa iliyoandaliwa pembeni.

"Sambusa mutakula mukirudi!"

Khadeeja alikuwa wa kwanza kuinuka. Alivua viatu vyake vya kisigino, akachukua daftari, na ukumbi wote ukamfuata, wengine wakinung'unika, hadi ukingoni mwa tope. Chamchanga walikuwa wametapakaa kila mahali, wakidonoa bila kujali mtu.

Marcelline alitoa darubini yake mkobani, akamsukumia Achille kifuani.

"Hesabu. Na sauti, wote wasikie."

Achille alitazama huku na huku, akaona hana pa kukimbilia. Akaanza. Khadeeja aliandika kila kumi. Walipofika mia mbili na thelathini koo lilimkauka, akashusha darubini, akamtazama Marcelline kwa macho ya kuomba.

"Endelea," Marcelline alimwambia.