Fundi wa Kuanguka

Mwaka ule wa themanini na nne, sabuni ikisakwa kwa tochi na Geita nzima ikinuka jasho, Muhidini alirudi nyumbani na ubao wa tanga. Aliachiwa na mzungu mpima miamba aliyekuwa akirejea kwao: ubao mrefu mwembamba, tanga la rangi ya chungwa na mlingoti wake, jaketi la kuelea, na mkanda wenye kulabu ya kujishikiza kwenye tanga. Mzungu aliposimama juu yake, ulikata maji ya ghuba ya Nungwe kama pikipiki.

Mkewe, Chausiku, aliuzunguka ubao ule kama mtu aliyeletewa mke mwenza. Yeye alizaliwa kando ya ziwa. Muhidini alizaliwa Samuye, na maji mengi kuliko yote aliyoyaona utotoni yalikuwa ya lambo la ng'ombe, yakamfika magotini.

"Baba Sabiti, na ukianguka?"

"Kuanguka nimefundishwa." Akasimama katikati ya ua, kuku wakampisha. "Upepo ukikushinda, achia tanga. Angukia nyuma, kwa makalio. Kichwa kifunike kwa mikono, mlingoti usije ukakipasua. Ukiibuka, shika ubao, usiuache." Akajiangusha juu ya gunia la pumba, polepole, kama bibi harusi anayekalishwa mkekani. Watoto wakapiga makofi.

Kulabu ilipotea njiani, kwenye tela la trekta. Ile ilikuwa ya kuchomoka yenyewe mtu anapoanguka. Muhidini hakuona hasara. Miaka mingi alishuka maduara, yale mashimo marefu ya dhahabu, na duarani asiyefungwa kamba kiunoni ni maiti anayesubiri sanda. Akachukua kamba ya katani, akajifunga kiuno, ncha ya pili akaifunga kwenye mti wa kushikia tanga, kwa fundo la wachimbaji ambalo ukilivuta linakaza.

"Sasa tanga utaliachiaje?" Chausiku akamuuliza pale ufukoni, mbele ya watu wote walioalikwa kuja kushangaa.

"Kwa mikono."

"Na kiuno?"

"Mwanamke, umeona nani akatoka duarani bila kamba?"

"Duarani wenzako wanakuvuta juu. Huku atakuvuta nani, kambare?"

Watu wakaangua kicheko. Muhidini akakaza fundo.

Chausiku akaona kwenye kamba hamshindi, akahamia kwenye jaketi. Muhidini hakulitaka, litafunika shati lake jipya la maua. "Livae ndani," akamwambia. "Utaonekana una kitambi kama mkurugenzi." Hilo likamwingia. Kisha Chausiku akachukua kisu cha samaki, akaingia kwenye mtumbwi wa Jilala, mvuvi jirani yao, akamwambia auweke kule upepo unakoelekea.

"Tunavua nini leo, mama?"

"Mume."

Upepo ukaja, na Muhidini akaenda. Haki yake apewe: alikwenda! Ubao ulipiga mluzi, shati likavimba, watu wakamshangilia. Akaachia mkono mmoja ili awapungie.

Hapo hapo upepo ukamkamata. Hakuangukia nyuma, kichwa hakukifunika, makalio hayakukumbukwa kabisa. Aliruka mbele kama chura, kamba ikalivuta tanga, nalo likamlalia. Juu ya maji pakabaki chungwa tupu, na uvimbe katikati ukigonga kutoka chini.

"Jilala, piga kasia!"

Chausiku akajitosa. Chini ya tanga alimkuta mumewe, jaketi limembana juu kwenye kitambaa, anavuta kamba kwa nguvu zote na fundo linazidi kumla kiuno. Akaikata. Jilala akamshika kwapani, akamburuta mtumbwini.

"Gete, kweli kabisa mama, huyu kambare mzito!"

Muhidini alitapika maji mpaka wakafika karibu na ufuko. Neno lake la kwanza likawa: "Kamba ilikuwa fupi. Kesho nitafunga ndefu."

Chausiku akageukia ubao na tanga walivyovikokota nyuma ya mtumbwi. Akalivuta tanga karibu, akaiweka ncha ya kisu kwenye kitambaa.

"Chagua. Nilipasue sasa hivi, au ushuke hapa maji ya kiunoni ujifunze kuanguka."

"Mbele za watu, Mama Sabiti?"

"Si uliwaalika mwenyewe?"

Muhidini akashuka. Akasimama, akafumba macho, akaangukia ubavu. Ufuko mzima ukalia kwa kicheko.

"Makalio, baba. Mikono kichwani," Chausiku akasema. "Tena."