Kwikwi ya Mtunza Neno

Alhamisi jioni Kinyozi alirudi nyumbani akiwa amekufa. Alivua viatu mlangoni, akatundika koti kwenye msumari wake, akaketi mezani. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Dobi, aliacha mashuka ya wateja aliyokuwa akiyakunja, akampakulia chakula. Hakukigusa. Dobi akamshika mkono amuulize kulikoni, akakuta mkono baridi na mshipa umenyamaza.

"Umekufa?"

"Nadhani," alisema Kinyozi. "Ila usinihoji, mke wangu. Nimekula kiapo."

Jioni ile ndiyo aliyoingizwa kwenye Udugu, ule wa wanaume wanaokutana ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, mapazia yakiwa yamefungwa hata kukiwa na joto la kuchemsha ubongo. Dobi aliujua Udugu kwa upande wa nguo tu. Yeye ndiye aliyewafulia glovu zao nyeupe na kuzipiga pasi, na alijua ni nani kati yao mikono yake hutoka jasho anapoapa.

Aliyemfafanulia mambo alikuwa mjomba wake, Seremala. Huyu alikuwa ndani ya Udugu miaka mingi, na lile sanduku wanalolazwa wageni alilipiga randa yeye mwenyewe. Alijitoa kwa sababu moja. Mkewe alizidiwa ghafla siku ya kikao, jirani akakimbia kumwita, akagonga mlango wa ghorofani mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Mlinzi wa Mlango alikaa upande wa ndani akimsikiliza. Seremala aliposhuka ngazi kikao kilipokwisha, hakuwa na mke tena. Mlango ukishafungwa haufunguliwi, walimwambia, wakampa pole.

Asubuhi ya Ijumaa Seremala alipita duka la dawa, akamkuta Mfamasia ana kwikwi mpaka vidonge vinamponyoka. Hapohapo akajua yote, kwa kuwa Mfamasia ndiye Mtunza Neno wa Udugu.

"Sikiliza, mwanangu," alimwambia Dobi. "Mtu akiingizwa hulazwa sandukuni, hufunikwa, hufa. Hilo ni la kawaida, limo kwenye ratiba. Kisha Mtunza Neno humtamkia neno moja, kwa pumzi moja, naye huinuka. Jana bwana yule alishikwa na kwikwi. Mshumaa ukaisha kabla hajalimaliza. Na kwao mshumaa ukiisha, kikao kimefungwa."

"Wakamfanyaje?"

"Wakamwambia avae viatu vyake aende nyumbani."

Dobi alikaa na pasi mkononi mpaka ikapoa. Kilichomshtua si kifo. Kilichomshtua ni viatu.

Kinyozi aliendelea kwenda kazini. Wateja walimsifu kwa ubaridi wa mikono yake, hasa mchana, na mmoja aliomba awekewe kiganja shingoni hata baada ya kulipa. Lakini ilipofika Jumatatu nzi walikuwa wamemzoea. Jumanne Bwana Afya akaja, akasimama karibu na kioo, akavuta hewa kidogo, akatoa kitambaa.

"Mama, mimi na mumeo hatuna ugomvi, amenitengeneza nywele tangu nianze kazi," alimwambia Dobi pembeni. "Lakini kufika Jumamosi awe ameinuka au awe amezikwa. Sheria haina katikati."

Dobi alikwenda na mumewe moja kwa moja kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akamwacha nje. Mwenye duka, ambaye ghorofani ndiye Mkuu, alikuwa akipanga makopo ya rangi. Alimkaribisha vizuri sana. Alimvutia kiti.

"Naomba jambo dogo tu," Dobi alisema. "Neno moja. Mfamasia ameshapona kwikwi. Aje amwambie mume wangu neno lake, mimi nitatoka nje, nitaziba masikio."

"Mama, kila anayeingia kwetu huinuliwa. Mumeo aliingia. Kwa hiyo ameinuliwa."

"Huyo hapo nje. Mguse."

Mkuu alitoka, akamshika Kinyozi shavu, akarudi akijifuta vidole. "Kaubaridi kidogo," alisema. "Mpe kitu cha moto."

"Hana mapigo ya moyo!"

"Ukisema hakuinuliwa, unasema Udugu umekosea. Na Udugu haujawahi kukosea, mama. Tungejua."

Jamani, mtu anaweza kukuvutia kiti, akakuuliza habari za watoto, halafu akakwambia hivyo akikutazama usoni! Alirudi nyumbani akimwongoza mumewe kwa kiwiko, akapita jirani wawili watatu bila kuwaitikia salamu.

Seremala aliposikia, alikuja kwao, akafunga mlango na madirisha. Alikuwa analijua lile neno. Kiapo kilisema atakayelitoa nje ulimi wake utanyauka, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kulitamka hata bafuni. Sasa alisimama mbele ya Kinyozi, akavuta pumzi, akalisema.

Meza ya chakula ilichipua majani. Kuku aliyekuwa ametiwa kwenye sufuria alisukuma kifuniko, akashuka, akaenda zake uani bila manyoya. Maua yaliyochorwa kwenye kalenda, hata hayo, yalinukia vizuri. Kinyozi hakutikisika.

"Ni mpaka alitamke mwenye cheo," alisema Seremala. Aliugusa ulimi wake kwa kidole, akautazama kidole. "Kumbe haunyauki. Miaka yote hiyo, loo! Miaka yote hiyo nimeogopa bure."

Alilia, tena kwa sauti, na binti wa Dobi akamletea maji. Kisha akajifuta na kusema la pili.

"Hawatamwinua. Ila watamzika. Na wakimzika ndugu yao, Mtunza Neno humsomea lilelile neno kaburini, kwa heshima tu, hata wao hawakumbuki ni la nini. Mimi nitatengeneza jeneza. Kifuniko sitakipigilia."

"Na kwikwi ikimrudia?"

"Hapo, mwanangu, tutakuwa tumemzika kweli."

Jumamosi Udugu ulikuja wote, glovu zikimetameta. Dobi alikuwa amezipiga pasi usiku wa kuamkia siku hiyo, kwani nani mwingine angezipiga? Kinyozi alijilaza mwenyewe. Wanawake waliwekwa nyuma ya kamba. Jeneza lilishushwa, na Mfamasia akasogea ukingoni. Dobi aliona koo lake likipanda na kushuka, akaikamata kamba kwa mikono miwili. Mfamasia akanywa maji, akainama, akanong'ona.

Kukawa kimya. Halafu kutoka chini kukasikika mtu anagonga. Ngo, ngo, ngo.

Wote walisikia. Waliokuwa na koleo walimtazama Mkuu. Mkuu aliangalia ratiba.

"Baada ya neno ni udongo," alisema. "Endeleeni."

Wakaendelea. Hapana, si kwamba hawakusikia. Walitupa udongo kwa utaratibu, koleo baada ya koleo, na kule chini mtu anagonga, sasa kwa ngumi, na Mfamasia aliyekuwa ametoka kumfufua akachukua koleo na yeye. Dobi aliruka kamba akipiga kelele ambayo baadaye hakuikumbuka. Seremala alimtangulia. Aliingia shimoni na viatu vyake, akafagia udongo kwa mikono, akanyanyua kifuniko.

Kinyozi aliketi, akapiga chafya, akauliza saa ngapi. Mashavu yake yalikuwa na damu.

Mkuu alimpa mkono akamvuta juu, kisha akawageukia watu. "Si mnaona?" alisema. "Kila anayeingia kwetu huinuliwa." Watu wakapiga makofi, na wale waliokuwa na koleo wakapiga kwa nguvu zaidi.

Wiki iliyofuata mambo yalirudi mahali pake. Meza ilihitaji kupogolewa kila siku mbili tatu. Binti alimshonea yule kuku koti kutokana na soksi. Wateja wa Kinyozi walinung'unika kwamba mikono yake ina joto. Dobi alilala ubavuni kwake akiusikiliza moyo wake ukipiga, na usiku mmoja akamuuliza.

"Ulikuwa unatusikia, siku zile?"

"Nilikuwa nasikia."

"Na udongo? Uliwasikia wakimwaga udongo?"

Kinyozi alivuta shuka mpaka kidevuni. "Hayo ni mambo ya ndani," alisema.

Alhamisi alinyoa ndevu mapema, akavaa shati jeupe. Alikuwa na furaha kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Walikuwa wamempandisha cheo, kwa uvumilivu aliouonyesha. Sasa ndiye Mlinzi wa Mlango.

Seremala, aliyekuwa amekuja kupogoa meza, aliweka msumeno chini, akatoka bila kuaga.

Dobi alimaliza glovu ya kushoto, kidole baada ya kidole, akachukua ya kulia. "Nikipatwa na jambo," alisema, "nikaja kugonga?"

"Gonga tu, mke wangu," Kinyozi alisema kwa upole, akinyoosha mkono kuzipokea. "Nitakusikia."