Kigae cha Mnene

"Shangazi, huo mkeka wako umekata tikiti?"

Utingo wa boti alikuwa akimtania Buakham. Boti yao ilikuwa imepishana na nyingine, maji meusi ya mfereji yakaruka, na abiria wakavuta kamba ya pazia la plastiki huku wakiinama wote kwa pamoja. Yeye aliinama juu ya mkeka. Mgongo ukilowa utakauka. Ndani ya mkeka ule wa matete, alioufuma kwa siku kumi na mbili kijijini kwake Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand, alikuwa ameviringisha kigae cha paa ambacho kilikuwa bado hakijaandikwa kitu.

Hekalu la kijijini lilikuwa linaezekwa upya. Mwenye shukrani huchukua kigae, akaandika upande wa ndani jina la mtu anayemtakia heri, kisha mafundi wakakipandisha. Vigae vingepanda Jumapili, na leo ilikuwa Ijumaa. Buakham alikuwa na mtu wa kumwandika. Jina la mtu huyo ndilo hakuwa nalo.

Miaka ishirini na mitatu nyuma, binti yake Saengduan alilazwa hospitali Bangkok siku arobaini. Buakham alilala sakafuni, chini ya kitanda cha mtoto. Kila adhuhuri muuza tambi wa pale getini alimwita kwa mkono, akamjazia bakuli, na Buakham akifungua mdomo kushukuru anaambiwa, "Kula, itapoa." Watu wote walimwita muuza tambi huyo Mnene. Mtoto alipopata nafuu waliondoka alfajiri, kabla meza za tambi hazijapangwa, na tangu siku hiyo deni hilo la shukrani lilimkaa Buakham rohoni.

Sasa pale getini palikuwa na duka la miwani. Juu yake treni ilipita angani, kwenye reli ya nguzo ndefu, na Buakham alisimama kuitazama mpaka shingo ikamuuma, mkeka begani, watu wakimkwepa huku na huku. Mji ulikuwa umepanda ghorofa kila mahali. Lakini mrehani ukitumbukia kwenye mafuta ya moto ulinukia vilevile, na ule mti mkubwa wa njia panda bado ulikuwa umefungwa shinani vitambaa vya rangi vya kumheshimu mzimu wake. Aliuinamia, akafurahi kuukuta.

Kijiweni, waendesha bodaboda waliovaa vizibao vya rangi ya machungwa walikuwa wakicheza dama kwa visoda.

"Namtafuta Mnene wa tambi," alisema.

"Wanene tuko wengi, mama. Mimi mwenyewe nina kilo tisini."

"Huyo ni mwembamba."

Walicheka. Mmoja wao, Bunlai, aliinua kichwa. "Lafudhi hiyo ya kwetu kabisa. Mnene yupo, alihamia uchochoro wa sita."

"Jina lake halisi je?"

"Hapo umenishinda. Nimekula kwake miaka minane, namjua Mnene tu. Panda. Na mkeka ushike wima, usije ukafagia watu."

Mnene alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya meza, akimenya vitunguu saumu. Alikuwa amezeeka, mwembamba kuliko zamani. Buakham aliunganisha viganja, akavipandisha mpaka kwenye paji la uso, akaeleza habari yake yote kwa pumzi moja. Mnene alitikisa kichwa huku akiendelea kumenya.

"Dada yangu, watu wa hospitali walikuwa wengi. Nisikudanganye, sikukumbuki."

Alisema kwa upole, lakini Buakham aliumia. Alikaa chini kwa sababu miguu ilikuwa imechoka. Karibu yake palikuwa na beseni la vijiti vya kulia, na mikono yake haijui kukaa bure. Alivifuta, akavikusanya kumi kumi, akachomoa unyuzi wa tete uliochomoza pembeni mwa mkeka, akafunga fungu la kwanza kwa fundo la wafuma mikeka.

Kisu cha Mnene kilisimama. Aliinuka, akashusha rafuni fungu jingine la vijiti. Lilifungwa kwa uzi wa plastiki, na fundo lilikuwa lilelile.

"Fundo hili alinifundisha mama mmoja," alisema. "Alikataa kula bure, akawa ananioshea vyombo. Mwanawe alikuwa mgonjwa wa mapafu." Aliligeuza fungu mkononi. "Huyo mtoto..."

"Yuko hai. Ana watoto wawili, wakorofi wote."

Mnene alijifuta macho kwa aproni. "Sikuwa nauliza majina. Wengine ulikuwa ukiwauliza leo, kesho wanapita pale getini mikono mitupu, bila mgonjwa wao. Nikaona bora nipike tu."

Buakham aliutandaza mkeka sakafuni, akakitoa kigae na kalamu ya wino mzito. Mnene aliandika polepole, herufi kubwa kubwa: Prayong Sae-Lim.

Bunlai, aliyekuwa amekaa kula, alishusha bakuli. "Kumbe unaitwa Prayong?"

"Kula, itapoa," Mnene alisema. Kisha akamgeukia Buakham. "Na mtoto, anaitwa nani?"

"Saengduan."

Akaliandika chini ya lake.

Mkeka ulibaki kule, na Mnene alikuwa ameshaanza kuulalia ili apumzishe mgongo wake mbovu. Kigae kilirudi mferejini kimefungwa kwenye aproni inayonuka kitunguu saumu. Katikati ya safari, boti nyingine ilipotokea na watu wakaanza kuvuta kamba, Buakham alifunua pindo la aproni, akayapuliza majina yale mawili taratibu, ingawa wino ulikuwa umekauka zamani.