Uso Aliousifia Nelson

Baada ya kumzaa mtoto wa pili, Tabitha alitokwa na madoa meusi kwenye mashavu yote mawili na juu ya mdomo. Alikuwa msusi pale Nkende, mjini Tarime, mbele ya kioo tangu asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo hakuwa na pa kuyakwepa.

Jirani yake Shani, mtengeneza sabuni na mafuta aliyeolewa Tarime kutoka Tanga, ndiye aliyemwanzishia dawa: ute wa mshubiri, unga wa liwa na manjano kidogo. Apake jioni, na mchana avae kofia pana. Shani hakumwahidi miujiza. Alimwambia ni kazi ya miezi, na yapo madoa yasiyosikia mmea wowote. Tabitha akavumilia. Kufikia mavuno ya mahindi, doa la juu ya mdomo lilikuwa limefifia, hata wateja wakaanza kumuuliza anapaka nini.

Mume wake, Nelson, alikuwa dereva wa watalii kwenye hoteli moja karibu na geti la Ikoma la kuingilia Serengeti, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Safari hiyo alirudi na rafiki yake Machage. Tabitha alipokuwa akiwanawisha mikono, Nelson alitania kwamba mke wake kapakwa masizi na mtu akasahau kumfuta. Machage alicheka kidogo, akainamia ugali. Nelson hakuona kama amesema neno la kuumiza.

Wiki iliyofuata Tabitha alikwenda Sirari, mpakani na Kenya, akanunua krimu ya kopo lisilo na jina. Shani alipoinusa alimsihi aitupe. Tabitha alimjibu kwa upole kwamba mshubiri ni mzuri, ila yeye hana miezi.

Nelson aliporudi alimkuta mke wake aking'aa. Alimsifia mlangoni, akamsifia mbele ya mama yake, akampiga picha na kuwarushia wenzake kazini. Akamwambia dawa hiyo asiiache.

Kiangazi kilipokaza, uso ulianza kuwasha, ukachubuka, halafu ukarudi mweusi kuliko mwanzo, weusi wa kijivu uliotanda mpaka kwenye paji. Daktari wa ngozi ambaye Tabitha na Shani walimfuata Mwanza alisema krimu ile ilikuwa na zebaki, na ngozi ilikuwa imeshaumia kwa ndani. Waliporudi, Shani alijaribu mshubiri mtupu kwenye sehemu ndogo ya shavu la Tabitha. Ukamuunguza. Shani akanawa mikono, akaingia kwake, hakutoka tena siku hiyo.

Nelson aliomba ruhusa kazini. Alizunguka nyumbani akitafuta pa kuanzia, mpaka alipomkuta Tabitha uani akichambua mboga.

"Mama Nchagwa, ningejua, nisingekuambia uendelee nayo."

"Sio hilo," Tabitha alisema. "Hata ule utani nilishaanza kuusahau. Ila uliponiona na uso ule wa krimu ulifurahi sana. Hujawahi kunifurahia hivyo tangu tuoane. Ndipo nikashindwa kuacha."

Nelson alitaka kumwambia kwamba kule porini, wageni wakiwa wanapiga picha zao, sura aliyoikumbuka ilikuwa ile ya zamani, pamoja na madoa yake. Ilikuwa kweli. Lakini aliona akiyasema sasa yatasikika kama maneno ya kumliwaza mgonjwa, akayameza. Akavuta kigoda, akachukua fungu la mboga, akaanza kuchambua. Tabitha akasogeza sinia katikati yao, bila kumtazama.