Dhahabu Kwenye Tundu za Nati

Dada yangu Glenna alikuwa na gari la spoti, Datsun 240Z ya mwaka sabini na tatu, jekundu, pua ndefu kama ya mtu anayenusa chakula cha jirani. Mwaka tisini na nne akapata kazi ya ufundi wa injini za meli huko Kodiak, Alaska, na gari hakuwa na pa kulipeleka. Bwana Pruitt, daktari wa meno, alishakuja kulizunguka mara mbili, mikono mgongoni. Mimi nililitaka kuliko kitu chochote.

"Nikikuachia wewe utalifanyia mzaha," Glenna akaniambia.

Hakunisingizia. Ni mimi niliyemfichia kitunguu kwenye hita ya gari, akaendesha wiki nzima mji wetu wote wa Akron akidhani ni yeye anayenuka.

"Nijaribu basi," nikasema.

Akanionyesha rimu nne za aluminiamu zilizokuwa zimelala chini ya ngazi. Zamani alizifunga siku za mashindano tu, sasa zilikuwa zimechubuka kama sufuria za bweni.

"Zikwangue, uzipige rangi, uje uzifunge Jumapili ya wiki ijayo kule uwanjani, ndiyo mbio zangu za mwisho. Mzaha hakuna, kosa hakuna. Ukiweza, gari ni lako. Ukishindwa, nampigia Pruitt."

Chuo nilikuwa nimekiacha mwaka wa tatu, kwa hiyo muda nilikuwa nao. Siku kumi na moja nilikaa gereji na dawa ya kubandua rangi, msasa na ndoo ya maji, redio inaimba, vidole vimekunjamana kama vya mtoto aliyesahauliwa bafuni. Halafu praima, ile rangi ya chini. Halafu rangi ya dhahabu, mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka. Ili ikauke vizuri nilizioka kwenye oveni ya mama, moja moja.

"Emmett, mkate wangu una ladha ya gari," mama akasema.

"Hiyo ni ladha ya mafanikio, mama."

"Mbona mafanikio yako yananiumiza kichwa?"

Sijawahi kufanya kazi kwa makini namna ile, si kabla wala baada. Nilipaka mbele, nilipaka nyuma, nikaingiza rangi mpaka ndani ya tundu za nati, sikutaka hata sehemu moja ibaki uchi. Mwishowe nilizivalisha matairi, nikazipanga kwenye majani nyuma ya nyumba, nikakaa nazo tu. Kama umewahi kuwa na miaka ishirini na mbili na kitu kizuri ulichokitengeneza mwenyewe, unajua.

Jumapili uwanja wa kuegesha magari ulikuwa umepangwa koni za barabarani. Pale gari linakimbia peke yake kati ya koni, kila dereva mara tatu, saa ndiyo inaamua. Watu walikuja na magurudumu yao ya kila siku, wakapiga jeki na kufunga yale ya mbio papo hapo, donati mdomoni. Nilipofunga yangu, wakaacha spana zao wakaja kutazama. Mzee Hostetler, mkaguzi wetu, mstaafu wa kiwanda cha matairi, alishika kila gurudumu akalitikisa.

"Nani kazifanya hizi?"

"Dogo wangu," Glenna akasema.

"Huyu huyu? Umehesabu nati?"

Wakacheka. Nikacheka pia. Zilikuwa kumi na sita, zote zimekazwa. Ukaguzi ukapita.

Glenna akasogeza gari mpaka kwenye foleni. Desturi yetu pale, ukishalitembeza kidogo unakaza tena. Nikapiga goti na spana. Nati ya kwanza ikazunguka robo nzima, laini, kama inaingia kwenye siagi. Ya pili vilevile.

Ndipo nikaelewa. Nati inatakiwa ikalie chuma kitupu. Mimi nilikuwa nimeikalisha juu ya rangi, mikono mitatu, na rangi ikibanwa inasagika, nati inabaki inacheza. Kona ya tatu au ya nne gurudumu lingeweza kumtoka.

Hakuna mtu aliyeona. Ningekaza tu, nikanyamaza, nikaomba Mungu, na jioni ningekuwa na gari.

"Glenna, toka kwenye foleni."

"Dogo, leo siyo."

"Nimepaka rangi kwenye tundu za nati. Zinalegea."

Akatoa kichwa dirishani. "Huo mzaha ni mbaya."

Nikampa spana. Akashuka, akajaribu mwenyewe, ikazunguka. Tukasogeza gari pembeni, tukavua magurudumu, tukakaa kwenye lami tunakwangua dhahabu kwa visu vya mfukoni, tundu baada ya tundu, kisha nikageuza kila rimu nikakwangua mgongo wake, pale inapogusa ekseli. Zamu yake ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita.

"Ile ya kitunguu," akasema bila kuinua kichwa, "nilipeleka gari kwa fundi."

"Najua. Nilimwambia asikwambie."

"Mshenzi wewe."

Ya tatu alikimbia. Alikuwa wa tisa. Zile rimu zilizunguka kwenye jua mpaka watu wakasahau donati zao.

Jioni akampigia Pruitt. Sikubisha, makubaliano ni makubaliano, ila akaniambia pembeni, "Siyo kukukomoa. Nikiwa kule sitalala, nitakuwa nawaza nati." Pruitt akachukua gari na magurudumu ya kawaida. Yale ya dhahabu Glenna akaniachia.

Ninayo mpaka leo, chini ya nyumba, matairi nimeyatoa, kila tundu na pete yake nyeupe ya kisu. Gari la kuyavaa sijawahi kupata. Glenna hupiga simu kutoka Kodiak kila baridi inapoanza kugandisha.

"Bado unazo?"

"Nimeziuza."

"Muongo."

Nashuka nayo simu, nagonga rimu moja kwa kucha. Inalia muda mrefu. Sote wawili tunasubiri mpaka inyamaze, ndipo ananiuliza mama anaendeleaje.