Kijivu cha Kisu cha Bachisio

Siku Bachisio alipofariki, mkewe Bonaria alikitia kisu chake cha kukunja ndani ya mtoto wa meza, asikiguse mwaka mzima. Pale Pattada, mji wa wafua visu, wengine hununua visu vya namna hiyo kuviweka kabatini tu, lakini Bachisio alikuwa mchungaji, na chake alikilia chakula kila siku malishoni.

Mwaka ulipokwisha, Gavino, shemeji yake Bonaria, akakitoa akipeleke kwenye maonyesho ya visu, na msasa mkononi.

“Weka chini, shemeji! Unataka kukichuna ngozi?”

“Kina madoa, Bonaria. Tutachekwa.”

“Aibu ni kutu. Hicho kijivu ni alama ya jibini na machungwa aliyoyakata miaka thelathini. Mbona mvi zako huzipigi msasa?”

Gavino alicheka, akampisha. Bonaria alichovya kizibo cha mvinyo katika mafuta ya zeituni na jivu laini, akasugua taratibu kufuata urefu wa bapa, mpaka vidoa vyekundu vya kutu vikaisha. Kijivu kikabaki vilevile, na kisu kikaenda nacho maonyeshoni.

Sasa kiko mfukoni mwa aproni ya Bonaria. Kila mchana hukikatia jibini, akakifuta, akakikunja.